Jipu la Bi Harusi

Leo hatuzungumzii shela wala hina. Tunakuelezeni kosa letu, ili mwengine asilirudie.

Wiki moja kabla ya harusi, bi harusi alikuja dukani kwetu kujaribu gauni. Kila tukimwambia anyanyue mkono, anauma meno. Kwapani pana uvimbe mwekundu, wa moto. Kumbe walinyoa na binamu zake kwa wembe mmoja. Sisi, kwa kujifanya watu wazima, tukamwambia, "Jipu tu hilo mdogo wetu, lifinye litoke." Akenda akalifinya.

Siku ya tatu alikuja mama yake peke yake. Mtoto ana homa, anatetemeka, wekundu umeteremka hadi ubavuni. Tulifunga duka tukafuatana nao hospitali. Daktari alimpiga ganzi, akalipasua, akatoa usaha, akampa vidonge na kumsisitiza avimalize hata akipata nafuu.

Alitufahamisha kuwa vijidudu viitwavyo stafilokokasi hukaa kwenye ngozi na puani mwa watu wengi bila ya kuwadhuru. Wembe ukichana ngozi, hupata mlango. Ukilifinya jipu, unavisukuma ndani zaidi.

Basi bi harusi mtarajiwa, kuondoa nywele za kwapa ni Sunna, lakini wembe uwe wako peke yako. Wembe wa kushirikiana huweza kuleta hata homa ya ini. Usingoje usiku wa kuamkia harusi. Nyoa siku kadhaa kabla, ngozi ipumzike. Jipu likianza, likande kwa kitambaa safi cha maji ya uvuguvugu, nawa mikono, na taulo lako asilitumie mtu. Ukiona homa, wekundu unaotambaa, au una kisukari, usikae nyumbani. Na ukifungwa bandeji, dini yetu ina wepesi katika udhu. Muulize ustadhi wako.

Alhamdulillah, harusi haikuakhirishwa. Tulifumua mkono wa gauni tukautia upana, bandeji ipate nafasi. Ukumbini wote walisifu mshono ule, wakidhani ni mtindo mpya. Sisi tulikuwa tumeinamisha macho.

Tangu siku hiyo, mteja akituonyesha jipu, hatumpi dawa. Tunampima gauni, tunamwambia aende kwa daktari. Allah atusamehe, na awape maharusi wetu afya na kheri. Amin.