Tulivyojifunza Kuulizana Mazoezi kwa Kihispania

Mnaouza nguo huku Kaskazini Unguja mnajua kuwa wageni kutoka Hispania wanapenda mazungumzo. Sisi watatu wa duka la ushoni tumeamua kujifunza lugha yao kidogo kidogo, na somo letu la mwezi huu ni namna ya kumuuliza mtu mazoea yake ya mazoezi.

Swali la kwanza ni ¿Haces ejercicio? Unafanya mazoezi? Matamshi yasikutishe. Herufi h hawaitamki. J yao ni kh ya Alkhamisi, na c ikifuatwa na e au i, wengi wa Hispania huitamka th ya thelathini. Basi sema "athes ekherthithio". Kwa sisi tuliosoma chuoni tangu wadogo, sauti hizo tunazo mdomoni tayari.

La pili ni ¿Cuántas veces a la semana? Mara ngapi kwa wiki? Utajibiwa todos los días, kila siku. Tres veces, mara tatu. A veces, mara moja moja. Casi nunca, kwa nadra sana. Au nunca, abadan. Na ile "huwa" yetu ya mazoea, wao wana kitenzi chake: ¿Sueles caminar? Huwa unatembea?

Adabu nayo ina nafasi yake. Kijana mwenzio unamwita tú, lakini mtu mzima ni usted: ¿Hace usted ejercicio? Na utepe ukiwa kiunoni mwa mteja, swali hili liache kabisa. Atadhani unamsema unene wake. Maliza kupima, kisha anza na nafsi yako: Yo camino por la mañana, ¿y usted? Mimi hutembea asubuhi, na wewe je?

Tulipofanya majaribio wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja alitakiwa atoe jibu la kweli. Wawili tukasema casi nunca. Toka asubuhi mpaka alasiri tumekaa kwenye cherehani, tukirudi nyumbani tunakaa kwenye mbuzi kukuna nazi. Wa tatu akasema nunca, tukacheka, yeye hakucheka. Akatwambia ana presha, na daktari alishamwambia atembee, lakini anaona haya watu wamuone barabarani hana safari. Miezi yote hiyo tunakula sahani moja na hatukujua. Kwa Kiswahili tungemuuliza "hujambo?", naye angejibu "sijambo", basi. Swali la mara ngapi halikumpa pa kujificha.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki. Ukizigawa ni nusu saa kwa siku tano, cinco veces a la semana. Sasa tukishasali Alfajiri tunatoka pamoja ufukweni, na baibui zetu na raba miguuni. Watatu wakitembea hakuna anayeuliza wanakwenda wapi.

Nanyi muulizaneni, kwa lugha yoyote mnayoiweza. Msiishie kwenye "unafanya mazoezi?", maana hapo kila mtu husema ndiyo. Ulizeni mara ngapi. Na mwenzio akijibu nunca, usimpe hotuba. Mwambie ¿Vamos? Twende?