Maji, Tundu na Mpira

Kwetu Bunia ugonjwa huu hauna jina la kitabuni. Mtaani Mudzipela watu husema "mutoto iko na mayi mu kichwa", na wengine huongeza kwa sauti ya chini kwamba ni kazi ya mtu. Darasani neno hilo tulilijua kwa njia nyingine: Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974. Tulijadili kichwa chenye maji kama ishara ya msomi aliyepotea. Muhula huohuo mtoto wa dada yangu, mwenye miezi minne, alianza kukua kichwa kupita mwili, macho yakielekea chini kama jua linalozama. Hapo nilikoma kuzungumzia ishara.

Ubongo una vyumba vinne, na ndani yake hutengenezwa maji masafi. Kwa mtu mzima ni karibu nusu lita kila siku. Maji hayo hupita, huzunguka ubongo, kisha hurudi katika damu. Njia ikiziba, maji hujaa, na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto mchanga bado haijaungana, kichwa hutanuka. Mtoto wetu alikuwa amepata homa kali wiki ya pili baada ya kuzaliwa. Baadaye nilisoma kwamba Benjamin Warf, daktari Mmarekani aliyefika Mbale, Uganda, mwaka 2000, aliona jambo hilohilo: katika watoto wake 300 wa kwanza, zaidi ya nusu walipata maji kichwani baada ya maambukizi. Si mkono wa jirani.

Tulikwenda hukohuko Mbale, katika hospitali ya watoto ya CURE. Tulipita Mahagi, tukavuka mpaka Goli, kisha Nebbi, Pakwach, Karuma, Lira na Soroti. Dada alinichukua kwa sababu moja: "Wewe unasoma luga, utatusemea."

Kazi ilianza mara moja. Muuguzi mmoja, aliyejua Kiswahili cha upande wa Kenya, alisema, "Mama, huenda mtoto akawekewa bomba kichwani." Dada alinigeukia: "Bombe? Mu kichwa ya mutoto?" Kwa mtu wa Bunia aliyekuwa msichana mdogo mwaka 2003, neno hilo halina maana ya mfereji. Nilisema "mpira mwembamba", akapumua. Tangu hapo sisi watatu tulitumia neno mpira.

Mpira huo huingia katika chumba cha ubongo, hupita chini ya ngozi nyuma ya sikio na kumwaga maji tumboni. Huokoa maisha, lakini huziba, na ukiziba mtoto anahitaji daktari haraka. Kwa miaka mingi madaktari walitumaini kwamba wakiuingiza huku wakiangalia kwa kamera nyembamba, ncha yake ingekaa mahali pazuri na usingeziba ovyo. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2003 halikuthibitisha tumaini hilo: baada ya mwaka mmoja, mipira iliyowekwa kwa kamera ilikuwa imeharibika kwa asilimia 42, na ile iliyowekwa bila kamera kwa asilimia 34.

Mbale kamera ilipewa kazi nyingine. Daktari hutoboa tundu dogo katika sakafu ya chumba cha tatu ili maji yapate njia mpya, kisha huunguza sehemu ya tishu inayoyatengeneza. Ikifaulu, mtoto haachiwi mpira wowote. Utafiti wa watoto 100 uliofanywa hapohapo na kuchapishwa mwaka 2017 haukupata tofauti kubwa ya ukuaji wa akili, baada ya mwaka mmoja, kati ya waliotobolewa tundu na waliowekewa mpira.

Nilipomweleza dada hayo, hakuuliza asilimia. Aliuliza: "Ukiziba usiku, na barabara imefungwa?" Niliyatafsiri maneno hayo polepole, kwa sababu Ituri ni swali la kweli. Muuguzi hakumdanganya. Alisema tundu nalo linaweza kujifunga, hasa katika miezi sita ya kwanza, na kwamba ni lazima kumpima mtoto kichwa kwa utepe na kurudi kikizidi. Dada alichagua tundu. Utepe wa fundi cherehani ulining'inia ukutani kwao miezi yote hiyo, na vipimo viliandikwa kwenye daftari.

Mtoto sasa ana miaka mitatu. Alichelewa kutembea, na jicho moja linamsumbua, lakini anamwita bibi yake kwa sauti inayofika barabarani.

Kuna familia nyingine Bunia ambazo leo zinaambiwa bomba zikasikia bombe, au zinaambiwa uchawi zikakaa nyumbani hadi macho yafifie. Daftari langu lina maneno kumi na mawili, kwa Kiswahili sanifu na cha kwetu: vyumba, sakafu, tundu, mpira, kuziba, utepe na mengineyo. Nimempa nakala muuguzi wa kituo cha afya cha mtaa wetu. Tayari ameongeza matatu.