Jedwali la Mchele Limetusaidia Kwenye Kemia

Sisi wazazi tulioishia darasa la saba, tukiona daftari la Kemia tunakimbilia kusema, "Kamuulize mwalimu." Binti yangu yuko kidato cha tatu, na shuleni kwao hapo ndipo wanapochagua: sayansi au sanaa. Hesabu za moli zilimchosha hadi akataka kuiacha Kemia. Lakini ndoto yake ni uuguzi, na bila kufaulu Kemia mlango huo unafungwa.

Mimi nauza mchele hapa Mwaya. Hesabu zangu naziweka kwenye simu, kwenye Excel: safu moja kilo, ya pili bei, ya tatu inazidisha yenyewe. Jioni moja nikamwomba anieleze hiyo moli.

"Mama, ni idadi ya chembe. Ila ni ndogo na nyingi mno, hazihesabiki. Kwa hiyo tunapima uzito."

Nikacheka. Nani Kyela anauza mchele kwa kuhesabu punje? Sote tunapima.

Tukafungua jedwali jipya. Safu ya kwanza jina la kitu, ya pili gramu, ya tatu uzito wa moli moja, ya nne inagawanya gramu kwa uzito huo. Chumvi ya jikoni: sodiamu 23, klorini 35.5, jumla 58.5. Swali lilitaja gramu 117. Jibu: moli 2.

Likafuata la kalsiamu kaboneti, gramu 25. Simu ikaleta moli 2.5. Akakunja uso. "Mama, moli moja ya hii ni gramu 100. Gramu 25 haziwezi kufika hata moli moja." Kumbe aliandika 10 badala ya 100. Aliporekebisha, ikaja 0.25. Simu haikuona kosa; yeye aliliona. Hapo nikajua ameelewa.

Sasa tuna utaratibu: anakokotoa kwanza kwenye daftari, halafu jedwali linahakiki. Kwenye chumba cha mtihani simu haiingii, kichwa ndicho kinachoingia.

Masomo ameshachagua, na Kemia imo.

Mzazi mwenzangu, si lazima uijue Kemia. Mwambie mwanao akueleze kwa lugha ya kazi yako, iwe uvuvi, kakao au cherehani. Akikwama, mrudishe kwenye daftari taratibu. Akieleza ukaelewa wewe, mtihani hautamtisha sana.