Mpaka wa Kaskazini

Mkanda haupitiki vyema ila maji yakijaa. Mashua iliyotutoa Lamu ilingoja, nasi tukangoja pamoja na shangazi yetu, hata tukashuka Mtangawanda, kisiwani Pate. Kungoja tulikuwa tumekuzoea. Kwa miaka sita tulitafuta asili ya baba wa babu yetu, na kila tulikouliza nasaba ilikatika kwa jina lake. La babake hakuna aliyelijua. Shangazi alikuwa akisema daima, "Yaacheni hayo."

Kosa letu lilikuwa kutafuta kuumeni tu. Mwanamume wa pwani alisafiri, leo Pate, kesho Unguja au Barawa, na kila bandari ikampa lakabu yake. Mkewe alikaa. Basi tukaacha kuuliza habari za babu, tukauliza nyumba ya nyanya ilikuwa wapi.

Mji wa Pate una vichochoro vyembamba, na baina ya magofu yake watu wamelima tumbaku. Mzee mmoja, ambaye si jamaa yetu, alitukaribisha kahawa kisha akatoa hati ya nyumba ya kwao, ya Kiarabu, ya mwaka 1300 Hijria, yaani 1882 au 1883 Miladia. Hati za kale hutaja mipaka minne, na kila mpaka humtaja jirani. (Laiti tungalijua mapema kwamba karatasi za jirani huhifadhi habari zetu!) Mpaka wa kaskazini ulikuwa nyumba ya nyanya yetu, kwa jina lake kamili. Na chini, miongoni mwa mashahidi, alikuwamo mumewe: jina moja tu, bila ya babake, likifuatwa na neno *atiki*.

Mzee alisita kulifasiri. Ni mahuru, mtumwa aliyeachwa huru. Utumwa haukukomeshwa kisheria katika pwani yetu hadi 1907, na tangu hapo majumba mengi yamelizungumza jambo hilo kwa minong'ono, au hayakulizungumza kabisa. Kumbe hapakuwa na karatasi iliyopotea.

Shangazi aliomba asomewe tena, polepole. Kisha akauliza aliyemwacha huru ni nani, na jamaa zake wako wapi.

"Wapo Siyu, bibi."

Tulilala Pate usiku ule. Baada ya Swala ya Alfajiri, shangazi ndiye aliyetangulia kuvaa viatu.