Tulitaka Kwenda Bariadi Kimya Kimya



Juzi tulikuwa kwenye hina. Bibi harusi mwenyewe, mikono haijakauka, akatuuliza: mume wake mtarajiwa kazi yake ni ya safari, sasa ikitokea siku yake ya kuzaliwa imemkuta huko mbali peke yake, mke amfanyie nini? Watu wakacheka, wengine wakamjibu maneno ya hina ambayo hapa hatuyaandiki. Sisi tulitazamana tu. Jibu tunalo, lakini ni refu, na ni la Bariadi.

Tunaandika wawili. Mmoja wetu ni mke wake, mmoja ni dada yake, ya'ni mtu na wifi yake, tunakaa nyumba moja Unguja pamoja na mama na watoto. Tutasema "sisi" mwanzo hadi mwisho, kwa sababu shauri lilikuwa la pamoja na kosa lilikuwa la pamoja. Na yeye tutamwita "mwenyewe", kama anavyoitwa hapa nyumbani.

Mwenyewe ni fundi umeme wa mashine. Ukifika msimu wa pamba huchukuliwa kwenda kufanya kazi kwenye kiwanda kimoja cha kuchambua pamba huko Bariadi, makao makuu ya mkoa wa Simiyu. Kwa ambao hawaujui, mkoa huu ni mpya, sehemu yake kubwa ilikatwa kutoka Shinyanga mwaka 2012. Ni nchi ya Wasukuma, na ndiko inakotoka pamba nyingi ya Tanzania. Sisi wa visiwani pamba tunayoijua ni ile ya duka la dawa. Kule mkulima huileta na mbegu zake ndani, mashine zikatenganisha nyuzi na mbegu, nyuzi zikafungwa marobota, mbegu zikakamuliwa mafuta, na mashudu wakala ng'ombe. Msimu ukishika, mashine hizo hazilali, na fundi wake halali.

Mwaka huo mwenyewe alikuwa anatimiza miaka 40 mwezi wa Julai. Tunajua mambo ya siku ya kuzaliwa yana maneno. Wako masheikh wanaokataa kabisa kwa kuwa ni kuiga, na wako wanaosema mtu akimshukuru Mola wake bila ya kuifanya ibada wala sikukuu, hakuna neno. Hatukutaka mishumaa wala nyimbo. Lakini miaka arubaini ni umri uliotajwa ndani ya Qur'ani, Sura ya Al-Ahqaf, aya ya 15, pamoja na dua ya mtu aliyeufikia: kushukuru neema alizopewa yeye na wazazi wake, na kumuombea kheri kizazi chake. Tukasema umri huu haupiti hivi hivi.

Zawadi ilikuwa tayari inashonwa: kofia ya viua. Tuliianza tangu Shaaban, kabla hajasafiri, tukiificha chini ya mto kila akiingia. Mmoja alishona duara la juu, mmoja ukingo wa pembeni. Anayejua kofia ya mkono anajua kwamba kitundu kimoja tu kinakula dakika kadhaa, na kofia nzima inakula miezi. Tuligombana pia, tusidanganye. Mmoja wetu hukaza uzi, mmoja hulegeza, na vitundu vya duara na vya ukingo havikufanana. Mama akatazama akasema havai kichwani pa Mkurugenzi, endeleeni.

Kisha likaja wazo la safari. Badala ya kutuma kofia, kwa nini tusiipeleke? Boti hadi Dar, ndege hadi Mwanza, basi kupitia Magu hadi Lamadi, pale karibu na Serengeti, na hapo unaiacha barabara ya Musoma unaingia ya Bariadi. Pesa za mchezo zilikuwa zinatuangukia mwezi wa Juni. Kaka wa mmoja wetu akakubali kutusindikiza. Kwa mmoja wetu alikuwa mahram, kwa mwingine siye, na hilo tulilifunika tu kama mtu anavyofunika sufuria asionyeshe kilichomo. Tulipanga kufika Ijumaa mchana, akitoka msikitini atukute. Sapraizi!

Mpaka hapo, shoga zetu, nia ilikuwa safi. Tunaamini hivyo.

Ikaja siku ya shughuli, tukaropokwa mbele ya jirani. Jirani akainama, akasema polepole: "Nendeni, tena msimwambie mtu. Mtajua anaishi na nani." Tukacheka. Lakini neno kama lile hulala nawe. Na wiki ile ile simu za mwenyewe zikaanza kuwa fupi. Baada ya Isha alikuwa hapokei, asubuhi anasema alichoka. Usiku mmoja simu yake ilikuwa imezimwa kabisa, na nambari tusiyoijua ikapiga kwa mke wake. Ilikuwa sauti ya msichana. Akasema, "Amelala, simu yake haina chaji," na kabla hajaulizwa wewe nani, ikakatika.

Mmoja wetu hakulala usiku ule. Mwingine, badala ya kumtuliza, alisema, "Tutajua tukifika." Dada mtu kumsemea kaka yake hivyo! Lakini alisema.

Hatukukaa kikao kubadilisha nia. Tulichobadilisha ni saa. Ile Ijumaa mchana ikageuka saa nne usiku. Tukajiambia eti ni kwa ajili ya basi, eti jua la kule kali. Mama alikuwa anapeta mchele, akauliza bila ya kunyanyua uso:

"Kwa nini usiku?"

Tukampa sababu ya basi.

"Mtu anayepelekewa zawadi hapelekewi usiku wa manane. Mnakwenda kumpongeza au mnakwenda kumfumania? Na wewe," akamgeukia mkwe wake, "unavuka bahari kutoka nyumbani kwa mumeo, idhini umeipata wapi? Utamuomba ruhusa ya kwenda kumshtukiza?"

Tulikosa la kusema. Lile la idhini tulikuwa tunalijua fika, ila tulilivika jina la sapraizi, kwani ukiomba ruhusa si sapraizi tena.

Na kuna Hadithi tuliyosomeshwa sote chuoni, ya Jabir radhiyallahu anhu, iliyomo ndani ya Bukhari na Muslim. Mtume swallallahu alayhi wasallam amemkataza mtu aliyekuwa safarini muda mrefu kuwaingilia watu wa nyumbani kwake usiku kwa ghafla. Tulizoea kuielezea kwa ile hekima yake nyepesi, kwamba mke apate nafasi ya kuchana nywele na kujitengeneza. Lakini kwa Muslim imekuja na sababu nyingine ndani yake: asiingie hivyo kwa kuwatuhumu khiyana au kuwatafutia makosa. Waliosemwa pale ni wanaume. Sisi tulijiona tumo ndani yake, na mabaibui yetu, na kaka wa watu nyuma tumempakia mikoba.

Kulipokucha, mke akaipiga ile nambari. Mchana kweupe, na salamu, na mama amekaa pembeni.

Akapokea yule yule msichana. Akajitambulisha mara hii: ni mtoto wa mama mwenye nyumba, pale mwenyewe alipopanga chumba. Akampa simu mama yake. Yule bibi Kiswahili chake kidogo, Kisukuma chake kingi, akatuamkia "Mwangaluka", sisi tukaitikia "Waalaykum salaam" kwa kuchanganyikiwa. Mtoto akawa anatafsiri. Tukauliza hali ya mwenyewe. Kukawa kimya kidogo.

"Kwani hakuwaambia? Alikuwa na malaria. Siku sita. Mama ndiye aliyempeleka kituo cha afya. Usiku ule alitutuma tuwapigie msiwe na wasiwasi, akasema tusiseme anaumwa."

Hatuwezi kuandika vizuri tulivyojisikia. Unguja siku hizi malaria imepungua hata vijana wetu wameisahau, chandarua wanakiona pambo. Kanda ya Ziwa bado ipo. Alikuwa anatetemeka kwenye chumba cha kupanga, na sisi huku tunapanga saa ya kumkuta na mwanamke. Na mwanamke alikuwapo kweli, mtu mzima na wajukuu wake, anampikia uji. Tulimuuliza alikuwa anakula nini siku zile. Akasema kuku humpa mwenyewe achinje, kwa sababu anajua dini yake, na alipoumwa hakuweza kushika kisu, kwa hiyo alimpa maziwa na uji tu. Si Muislamu yule bibi. Tulilia sote, na mama akajifanya anapeta mchele ambao ulikwisha petwa.

Safari tukaivunja. Pesa ya nauli tukaigawa: nyingine ikawa sadaka kwa niaba yake, nyingine ikawa mzigo. Hapa ndipo lilipo jibu la bibi harusi wetu, kwa hiyo tutalisema vizuri.

Keki haifiki Bariadi. Usijaribu. Boti, jua, siku nzima na zaidi ndani ya basi, itafika uji. Halua inafika, maana haihitaji friji na inakaa. Visheti vinafika, ukivipoza vizuri kabla ya kufunga. Tukatia pia iliki, achari ya ndimu, chandarua kipya, kofia ndani ya boksi gumu isibonyee, na karatasi ambayo watoto waliandika ile dua ya Al-Ahqaf kwa mkono wao, Kiarabu cha mdogo kimepinda kama ngazi. Juu kabisa tukaweka doti ya kanga ya mama mwenye nyumba. Mwanamke aliyekuuguzia mume humpelekei salamu tupu.

Mzigo ulivuka na kijana wetu hadi Dar, akaupeleka stendi ya Magufuli kule Mbezi, akaukabidhi kwa basi na kuchukua risiti, nambari ya gari na nambari ya konda. Hizo tatu usiziache. Jina juu ya boksi tuliandika la mama mwenye nyumba, ili mwenyewe asiitwe stendi akajua. Ukapita Dodoma, Singida, Shinyanga, Maswa, sisi tukimsumbua konda kwa simu mpaka akatuuliza kuna nini humo, dhahabu?

Bibi akaupokea, akauficha chumbani kwake usiku mmoja. Siku yenyewe ilikuwa Jumatano. Mwenyewe alitoka zamu ya usiku, vumbi la pamba limemjaa kwenye nyusi, akakutana na kuku amefungwa miguu mlangoni na kisu juu ya sinia. Achinje. Kisha akapewa boksi, na bibi akamwambia kupitia kwa mtoto: "Umeletewa na wake zako wawili." Siku zote zile alidhani sisi ni wake wenza!

Akapiga simu ya video. Kofia ilikuwa kubwa kidogo kwake. Tuliipima kwa kofia yake ya zamani, sasa iweje? Ndipo tukaona amenyoa kipara, na mashavu yameingia ndani. Akasema kazi nyingi. Mke akamwambia, "Tunajua." Akanyamaza.

Hapo furaha iliingia dosari, hatufichi. Mke alikasirika kweli. Siku sita! Dada akakasirika zaidi. Mwenyewe akajitetea: "Ningewaambia mngefanya nini, mko ng'ambo ya bahari?" Mama akaichukua simu, akasema tungekuombea dua, hiyo haipandi boti. Akaomba radhi. Tukampa, lakini tulikata simu na kitu kooni, kwa sababu na sisi letu tulikuwa hatujalisema.

Lilikaa siku tatu. Ya nne mke akamsimulia yote, jirani, nambari, saa nne usiku. Tulikuwa tumekaa wote wawili, simu katikati ya mkeka. Ilikuwa kimya mpaka tukadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Saa nne usiku mngenikuta kiwandani. Mlango mngeukuta na kufuli, na mngepata tafsiri yenu ya hilo pia." Hakucheka alipolisema. Baadaye kidogo akaongeza kwamba msimu ujao tukitaka kuja tumwambie, atatafuta nyumba yenye vyumba viwili, na atamwambia bibi asituwekee kitanda kimoja cha wake wenza.

Wiki iliyofuata stendi wakatupigia simu Dar kuna mzigo kutoka Bariadi. Kifuko cha matobolwa na kifuko cha michembe, viazi vitamu vya kukausha, kutoka kwa bibi. Matobolwa yamekwisha chemshwa, unatafuna tu, na watoto wameyatafuna mpaka wakapeleka skuli. Michembe ni mibichi, lazima ipikwe. Mama akaitia nazi na iliki, jambo ambalo hatudhani Msukuma yeyote ataliafiki, akaonja, akauliza kwa Kisukuma "ahsante" wanasemaje. Tukamwambia wabeja. Akaomba simu ampigie mwenyewe bibi.