Corfe: Ngome Aliyoilinda Mke

Wengi wetu tukisikia Uingereza tunawaza London, maduka na picha mbele ya Big Ben. Haya, safari hii jaribuni shamba kidogo. Mume wangu alipokuja kunitembelea, mwaka wa pili wa masomo yangu huku yeye yuko Dar, nilimpeleka Corfe, kijiji cha Dorset, kusini kabisa. Tulipanda treni ya moshi kutoka Swanage, mji wa pwani. Kabla hata hujashuka unaiona ngome juu ya kilima, kuta zimepasuka, minara imeinama kama walevi.

Viatu vya kisigino acheni nyumbani. Mimi nilijifanya mrembo, nikaishia kushikwa mkono njia nzima. (Sikujuta.)

Ngome ilianza karne ya 11, enzi za William Mshindi, na mnara mkuu ukajengwa na mwanawe, Henry I. Lakini kilichotushika sisi ni kisa cha Mary Bankes. Mwaka 1643, wakati wa vita vya mfalme na Bunge, mumewe Sir John alikuwa mbali, upande wa mfalme. Jeshi la Bunge likaja kuizingira ngome. Mama huyo na mabinti zake, wajakazi na askari wachache wakawamwagia mawe na makaa ya moto waliopanda ngazi, mpaka jeshi likaondoka. Sir John alifariki Desemba 1644, huko Oxford. Ngome ilianguka mwaka 1646, tena si kwa mizinga: afisa wa ndani aliwaingiza maadui akidai ni askari wa msaada. Bunge likaamuru ilipuliwe kwa baruti, ndiyo maana minara imelala vile. Mawe yake mengine yamo kwenye nyumba za kijiji mpaka leo.

Tulikaa kwenye nyasi, upepo unapiga.

"Ungekuwa wewe, ungelinda?" mume wangu akauliza.

"Si ndiyo ninalinda sasa hivi, miaka miwili?"

Akanyamaza. Halafu, bwana, yakatoka yote tuliyokuwa tunayakwepa kwenye simu: kazi niliyoahidiwa huku, nyumba aliyoanza kujenga Mbezi, mama yake anayeuliza wajukuu. Hatukukubaliana. Ila kwa mara ya kwanza hakuna aliyekata simu.

Treni yetu ya kurudi ikapiga honi kule bondeni. Tukaiacha iende.