Nililosahau Kumwambia Mgeni

Shemeji yangu wa Unguja alipopanga kuja Songea kwa mara ya kwanza, aliniandikia: "Shemeji, niambie mambo ya msingi, nisije nikafika kama kipofu." Nikamjibu usiku uleule, na jibu langu likanipendeza. Njoo na sweta, nilimwambia, huku tuko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi ya Julai maji ya bomba yanauma vidole. Ukifika Makambako usifungashe, bado kuna karibu kilomita 300. Ukitaka ziwa, lami inakwenda hadi Mbamba Bay kupitia Mbinga. Huko utakula mbasa aliyetoka majini siku hiyohiyo. Sikuisahau Peramiho, abasia ya Wabenediktini iliyoanza kama misheni mwaka 1898, wala milima ya Matogoro unakoanzia mto Ruvuma.

Siku ya pili baada ya kufika kwake, tukitoka sokoni, akaniuliza, "Songea maana yake nini?"

"Ni jina la mtu."

"Mtu gani?"

Nilimpeleka Mahenge, hapahapa mjini, kwenye Makumbusho ya Vita vya Maji Maji. Mara ya mwisho nilikwenda nikiwa mwanafunzi, kwenye msafara wa shule, na nilichokumbuka ni soda tuliyopewa. Shemeji alisimama mbele ya kaburi la pamoja la mashujaa walionyongwa na Wajerumani tarehe 27 Februari 1906, akavua kofia, hakusema neno. Kaburi la Nduna Songea Mbano, kiongozi ambaye mji huu una jina lake, liko peke yake. Ukoo wake unasema alizikwa bila kichwa, kwamba kichwa kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alikuja papa hapa kuomba msamaha. Siku ile nilikuwa dukani kwangu, nikauza sukari mpaka jioni.

Mwenyeji humweleza mgeni njia anazozipita kila siku. Asikopita, huona kana kwamba hakupo. Ndivyo nilivyoishi na mji huu miaka yote, nikilitamka jina la marehemu kila ninapotaja ninakotoka.

Kilichonichoma zaidi ni habari ya njaa. Wajerumani walichoma mashamba na maghala, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi. Hapo nikamkumbuka bibi yangu. Hakukubali kamwe kihenge kifagiliwe hadi chini, hata mavuno mapya yakiwa mlangoni. Sisi wajukuu tulidhani ni uchoyo. Nilimwambia shemeji, sauti ikanikatika, akanishika bega tukakaa chini ya mti hadi mlinzi alipokuja kufunga.

Mwaka huu mwanawe anataka kuja, naye ameuliza yaleyale aliyouliza baba yake. Nimeanza kumwandikia: "Mwanangu, Songea alikuwa nduna wa Wangoni." Sweta itafuata.